Amefika Marco, au Marco Amefika?

Mlango unagongwa. Mama mmoja wa Roma, yuko jikoni, anapaza sauti: "È arrivato Marco?" Amefika Marco? Siku nyingine wamekaa wanamzungumzia huyo huyo Marco, naye anauliza: "Marco è arrivato?" Maneno ni yale yale matatu.

Naomba tukae hapo kidogo, maana wengi wetu tulifundishwa kwamba lugha za Ulaya hupindua maneno ili kuuliza. Kiitaliano hakina haja hiyo. Ukishusha sauti mwishoni, sentensi zote mbili ni taarifa tu. Kinachouliza ni sauti, kama tunavyosema "Juma amekuja" na "Juma amekuja?"

Mpangilio una kazi nyingine. Marco akitangulia, tayari yumo katika mazungumzo. Tunachotaka kujua ni kufika kwake. Akija nyuma ya kitenzi, tunauliza tukio zima: huo mlango uliogongwa, ndiyo kusema Marco kafika?

Sasa sikilizeni hii: "Il libro, l'hai letto?" Kitabu, umekisoma? Hiyo *l'* ndiyo *-ki-* yetu! Kinachojulikana kinatangulizwa, kitenzi kinabaki na kiwakilishi chake. Kihispania nacho: "¿El libro lo leíste?" Lugha hizi si ndugu wa Kiswahili hata kwa mbali. Lakini mwanafunzi anayehisi tofauti ya "umesoma kitabu?" na "kitabu umekisoma?" ameshaingia darasani na nusu ya somo, na sisi walimu tunakosea sana tunapoanza kumfundisha kana kwamba hana kitu.

Kifaransa kimejifunga. "Est Marc arrivé?" haikubaliki, sharti useme "Marc est-il arrivé?", jina mbele, kiwakilishi nyuma ya kitenzi kisaidizi. Ni mzigo, kwa hiyo katika mazungumzo watu hutegemea sauti, au hutanguliza *est-ce que*, ambayo neno kwa neno ni "je, ni kwamba". Wenzetu wa Lubumbashi na Bukavu wameichukua: "Eske anakuja?"

Tumalizie Sardinia, kisiwa cha Italia chenye lugha yake, ninakokupenda kuliko kote. Huko huuliza "Mandigadu as?", yaani umekula? Neno la kula limetangulia, kitenzi kisaidizi kimefuata. Kwa Kiitaliano sanifu mpangilio huo ungesikika kama mshangao. Msardinia hashangai chochote. Anamuuliza mgeni wake kama ana njaa.