Wale Watoto wa 1999 Wamekua

Ndiyo, ni Star Wars tena, zile filamu za vita vya anga za mbali. Mlionisikia mwaka jana mnivumilie.

Mwaka 1999 George Lucas alitoa The Phantom Menace, ya kwanza kati ya filamu tatu zinazorudi nyuma kusimulia chanzo cha hadithi iliyoanza 1977. Watu wazima waliisubiri miaka 16, tangu filamu ya 1983, wakatoka ukumbini wamenuna. Hasira hazikuishia kwa Lucas. Zilimshukia Ahmed Best, kijana aliyecheza Jar Jar Binks, yule kiumbe wa masikio marefu na ulimi usiotulia. Hapa nataka tukae kidogo. Kumchora mhusika mzima kwa kompyuta akifuata mwili wa mwigizaji lilikuwa jambo geni, na Best alijituma kweli kweli. Malipo yake? Akawa kichekesho cha dunia. Mwaka 2018 alisema wazi kwamba alifikia hatua ya kufikiria kujiua. Kwa sababu ya filamu! Tena mhusika aliyewekwa pale kuwachekesha watoto!

Na watoto walicheka. Mwenye miaka 8 hasomi wahakiki. Anaokota fimbo, anapigana na kaka yake uani, fimbo ndiyo upanga wa mwanga. Leo ana miaka thelathini na ushee, ana mshahara, na uhakiki anaandika yeye. Filamu ni ileile, mahakimu ndio wamebadilishwa.

Naona mkono kule nyuma. Najua utasema: basi filamu hizo tatu zilikuwa nzuri tangu mwanzo. La! Katika ile ya pili, ya 2002, kijana Anakin, mhusika mkuu, anamtongoza mpenzi wake Padmé kwa kulalamikia mchanga. Mchanga! Akija kuposa Lamu na maneno hayo, atarudishwa na jahazi lililomleta. Hayden Christensen, aliyemcheza Anakin, alipewa Razzie, tuzo ya uigizaji mbovu, mara mbili. Lakini kizazi kile kinayakariri maneno hayo kwa mahaba, na ile ya tatu, Revenge of the Sith, iliporudishwa kwenye majumba ya sinema Aprili 2025, ikitimiza miaka 20, walikata tiketi kama vile ni mpya.

Nilitaka kuzungumzia katuni za The Clone Wars, zilizomjenga Anakin kuliko filamu zenyewe, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, nimalizie kwa Best. Mwaka 2023 aliingia katika The Mandalorian, tamthilia ya Star Wars, kwa sura yake mwenyewe, akiwa Jedi, yaani shujaa wa panga za mwanga, mwenye panga mbili, akimwokoa mtoto Grogu. Waliokuwa watoto wakamshangilia. Waliomzomea 1999, mimi bado nasubiri wamwombe radhi.