Huyu Ni Daktari au Ni Nani?

Assalamu aleikum, na hamjambo nyote. Wazazi wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Nimeifanya kazi ya uuguzi miaka 28, mingi yake katika wadi za wanaume hapa Mombasa, na nimeitwa daktari mara nyingi kuliko nilivyoitwa kwa jina alilonipa babangu. Leo nataka tulizungumze jina hilo: nani aitwe daktari, na sisi wengine tuitweje.

Nianze na kisa changu. Usiku mmoja, miaka mingi nyuma, msichana aliyekuwa akimuuguza babake aliniita kando ya kitanda. "Daktari, baba atapona?" Mzee alikuwa amevimba miguu, figo zimechoka. Nilikuwa na vitanda 30 na mwenzangu mmoja tu. Nikamwambia, "Inshallah atapona, leo ana nafuu." Asubuhi daktari wa wadi akataka kukaa na jamaa wazungumze habari ya kusafishwa damu, asikute mtu. Wote walishavuka feri kurudi Kwale, kwani "daktari amesema baba aendelea vyema." Walipopatikana, siku mbili zilikuwa zimepita, na kwa mgonjwa wa figo siku mbili ni nyingi. Ulimi wangu haukusema uongo. Nilinyamaza tu nilipoitwa nisivyo, na unyamavu ule ndio walioubeba hadi kwao.

Tangu siku ile sijalichukulia jina hili kuwa jambo la heshima tu.

Tazameni lugha yetu. Tuna mganga, tuna tabibu, tuna daktari. Mganga ni neno letu wenyewe, tabibu tumelipata kwa Waarabu, daktari likaja na Waingereza. Hapa Mombasa ukiaga kwamba waenda kwa mganga, watu watafikiria hirizi na kombe. Lakini vuka mpaka pale Lunga Lunga, uingie Tanzania: Mganga Mkuu wa Serikali ni daktari aliyesomea chuo kikuu, na ndiye mkubwa wa madaktari wa nchi nzima. Neno ni moja, watu wa pwani ni wamoja, maana mbili.

Na huko lilikotoka neno daktari, mambo hayakunyooka vilevile. Kwa Kilatini maana yake ni mwalimu. Uingereza mpaka leo daktari mpasuaji huitwa Bwana au Bibi, kwa sababu wapasuaji wa London walikuwa chama kimoja na vinyozi hadi mwaka 1745. Hapa kwetu, yule tunayemwita daktari husoma chuo kikuu kama miaka 6, kisha mwaka mzima wa mazoezi hospitalini, na shahada anayotoka nayo ni shahada ya kwanza. Mwenye uzamifu wa historia ndiye ambaye cheti chake kimeandikwa daktari. Kwa hivyo anayetaka kuumaliza ubishi huu kwa kuangalia vyeti hataumaliza.

Sasa nije kwa ndugu zetu klinikal, yaani maafisa wa kliniki, maana hapa ndipo penye maumivu. Klinikal husoma miaka 3 ya diploma, wengi wao katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, kisha naye hufanya mwaka wa mazoezi. Anapima, anatambua ugonjwa, anaandika dawa. Akiendelea kusoma huweza kuwa mtaalamu wa kutia usingizi, au wa macho. Wapo wazee humu ukumbini waliotolewa mtoto wa jicho, na huenda aliyewarudishia nuru alikuwa klinikal. Mtu huyo akiambiwa mbele ya wagonjwa kwamba yeye "si daktari kamili," huumia, na ana haki ya kuumia. Wakati wa ukoloni, Waafrika waliosomea utabibu Makerere walipachikwa jina la wasaidizi, huku wakifanya kazi ya madaktari. Jina lilitumiwa kuwaweka chini. Jeraha la namna hiyo hurithiwa, na kila tunapobishana juu ya neno daktari huwa tunalitonesha bila kujua.

Hata hivyo siwezi kusema basi tuitwe daktari sote. Kuwaita wote daktari ni kuwaficha wote. Una kidonda cha sukari kisichofunga? Muulize muuguzi anayekiosha kila siku. Mwanao ana uchungu wa kuzaa? Mkimbilie mkunga. Dawa za presha zakuzungusha kichwa tangu uongezewe nyingine? Mfamasia amesomea hizo dawa miaka 5. Mkono umelala baada ya kiharusi? Yuko mtaalamu wa kunyoosha viungo. Ukiwavika wote jina moja, hutajua swali gani umpelekee nani.

Na kuna duka la dawa. Hapa naomba mnisikilize sana. Anayesimama pale kaunta yaweza kuwa mfamasia, yaweza kuwa mtu wa diploma ya dawa, na yaweza kuwa kijana aliyeajiriwa kuuza tu. Sote twamwita daktari. Mtu mzima aja, kifua chambana, jasho jembamba lamtoka, auziwa dawa ya gesi, arudi nyumbani akalale: "daktari ameniambia ni gesi." Kumbe ni moyo. Muulizeni: ndugu yangu, wewe umesomea nini? Aliyesajiliwa ana nambari na leseni ya mwaka huu, na hatakasirika kuulizwa.

Rai yangu ni hii. Njiani, sokoni Kongowea, kwenye matatu, mwiteni mtu jina lolote la heshima mnalotaka. Lakini penye mgonjwa, daktari bila maelezo awe yule aliyesajiliwa na baraza la madaktari, na wa meno aseme ni wa meno. Sisi wengine tutangulize kazi yetu. Wapo wauguzi wenye uzamifu, nami najivunia nao, chuoni waitwe daktari, ni haki yao, lakini kitandani waseme kwanza, "Mimi ni muuguzi." Na wasiliseme kwa sauti ndogo.

Mwishowe nyinyi wahamasishaji wa afya wa mitaani, ambao tangu 2023 mwazunguka nyumba kwa nyumba na mikoba yenu, mashine ya presha, mashine ya sukari. Najua mkibisha hodi Mtongwe au Kisauni, watoto wapiga kelele, "Daktari amekuja!" Mama aweka kiti, aleta maji. Hapo ndipo pagumu, kwa sababu jina limekuja na ukarimu. Pokeeni maji. Kisha mwambieni: "Mama, mimi ni mhamasishaji wa afya. Nitakupima presha, na ikiwa juu nitakuandikia uende kliniki."

Mimi siku hizi nikiingia zamu husimama kila kitanda nikasema, "Mimi ni sista wa usiku. Daktari hupita saa tatu asubuhi. Jamaa mmoja abaki amngoje."