Tanuri limesimama tena, sasa nani atatufunza udongo?

WAFULA: Karibuni tena wasikilizaji, tuko hapa hapa Kisumu, mimi ni Wafula na niko na dadangu Atieno. Leo ni vyungu.

ATIENO: Vyungu na moto. Mulembe, Wafula.

WAFULA: Mulembe muno. Basi mnakumbuka ile klipu tuliweka ya vijana wakifukua tanuri la kuchomea vyungu lililoanguka? Watu wameuliza sana, ni wapi, wanajenga nini. Ukitoka Kisumu ukipanda barabara ya Kakamega, ukikaribia Ilesi, hapo karibu na Khayega, utaona vyungu vimepangwa kando ya lami. Hawa vijana hawako hapo barabarani, wako ndani ndani kijijini, lakini ni majirani.

ATIENO: Na tanuri lenyewe lilijengwa zamani zile vikundi vya akina mama vilikuwa vinafinyanga majiko ya udongo, yale ya Upesi, unajua lile linalojengewa hapo jikoni la kuni. Biashara ikalegea, mvua ikaingia, kuta zikalala. Sasa vijana wamelitoa kwa majembe, wametafuta matofali, wamekandika na udongo wa kichuguu.

WAFULA: Mimi kilichonipendeza ni ile sakafu. Kwa chini kuna shimo la kuni, halafu juu yake sakafu yenye matundu, ndio unapanga vyungu juu ya hiyo sakafu, moto unapanda kupitia matundu unatokea juu. Walipofagia majivu tukaona matundu mengine bado ni mazima kabisa, mmoja wao akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kutoa mizizi ya nyasi iliyomea humo ndani.

ATIENO: Lakini Wafula hapa lazima tuseme ukweli, wengi kwa komenti wanaliita tanuri la mababu. Si la mababu. Huku kwetu, Waluo kwa Waluhya, akina nyanya walichoma vyungu kwa moto wa wazi, juu ya ardhi au kwa shimo jepesi tu. Unalaza kuni na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, unapanga vyungu, unafunika na nyasi, unawasha. Basi. Na vikaiva, vikapika samaki na omena na kuweka maji miaka na miaka.

WAFULA: Na ufinyanzi huku ni wa zamani mno, watu hawajui. Urewe iko Siaya hapo, si mbali na Yala, na jina la hicho kijiji ndilo wataalamu wa mambo ya kale walipatia vyungu vya kale vya eneo lote hili la Maziwa Makuu, mpaka Rwanda, mpaka Buhaya kule Tanzania. Utafiti wenyewe ulichapishwa 1948, walioandika ni Mary Leakey na mumewe Louis pamoja na Owen, yule mmishonari. Vyungu vyenyewe chini ya kitako vina kishimo kidogo kama cha kidole gumba.

ATIENO: Na vina zaidi ya miaka elfu moja na mia tano, Siaya hapo!

WAFULA: Sasa mtu atauliza, kama moto wa wazi unatosha, tanuri la nini?

ATIENO: Kuni na hasara. Moto wa wazi unapanda haraka sana, digrii 600 mpaka 900 hivi, na upepo ukigeuka upande mmoja unaiva mwingine unabaki mbichi. Kwa tanuri unaanza pole pole, moto mdogo mdogo, unaongeza. Na ni muhimu kwa sababu chungu hata ukiona kimekauka bado kina maji ndani, ukipita digrii 100 kwa pupa yale maji yanakuwa mvuke, yanatafuta njia, chungu kinapasuka paaa na kinaharibu na jirani yake. Halafu kuna maji mengine yamejifunga ndani ya udongo wenyewe, hayo yanatoka ukikaribia 500 na kupanda. Hayo yakishatoka, hata uloweke hicho chungu mwaka mzima hakirudi kuwa udongo.

WAFULA: Na hawa vijana moto wanaujua tayari, hiyo ndio kitu nimeona. Nusu yao wamechoma matofali tangu wamalize shule, wanajua kupanga, wanajua kuziba, wanajua kukesha. Kujenga tanuri haikuwasumbua. Kinachowasumbua ni udongo.

ATIENO: Enhe, hapo sasa.

WAFULA: Kuna mama mzee mmoja hapo, hatutataja jina, aliletewa udongo kwa ndoo, akachukua kidogo akautafuna. Akautema, akasema hapana, huu una mchanga mbaya, rudini chini ya mto. Wakarudi. Wa pili akaukunja kama kamba kwenye kidole, haukukatika, akaitikia kwa kichwa. Halafu akawaambia waponde vigae vya vyungu vilivyovunjika wachanganye, ndio chungu kisinywee sana kikikauka na mvuke upate pa kupitia. Hayo yote anayajua kwa vidole na ulimi.

ATIENO: Na wewe fikiria vile alijifunza. Kuna watafiti, Ingrid Herbich na Michael Dietler, walikaa na wafinyanzi wa Kiluo miaka ya themanini, wakakuta wengi hawakufunzwa na mama zao, walifunzwa na mama mkwe baada ya kuolewa. Unaingia boma, unakuta mama wa bwana anafinyanga, unakaa chini unaanza kukanda. Ndio maana vyungu vya sehemu moja vinafanana shingo, vinafanana michoro ya ile kamba iliyosokotwa unayoviringisha juu ya chungu udongo ukiwa bado mbichi. Sasa niambie, leo msichana anaolewa anaenda kuishi ploti Nyalenda au Nairobi, mama mkwe anamwona Krismasi. Hiyo shule imefungwa, na hakuna mtu alitangaza imefungwa.

WAFULA: Ndio kwangu hili tanuri lina maana. Limeleta wavulana, limeleta wasichana hawajaolewa, wote wamekaa na huyo mama.

ATIENO: Lakini alipwe, Wafula! Hapo mimi sitanyamaza. Tunawaita wazee walimu halafu tunawapa soda na mkate. Mfinyanzi hulia gaeni, sawa, tumesikia hiyo tangu darasa la tatu, lakini si lazima tuendelee hivyo. Kama kikundi kinauza mtungi, fungu la mama litoke kwanza.

WAFULA: Nakubali kabisa, na niongeze, wachome angalau awamu kadhaa kwa nyasi vile mama anajua kabla hawajaanza tanuri, maana akiona rangi ya moto kwa macho yake ndio anaweza kuwafunza. Ndani ya tanuri yeye mwenyewe ni mgeni.

ATIENO: Hapo sikubaliani sana, wafanye vyote sambamba, mama ana akili, ataujua huo moto kabla yao. Tuwaachie wasikilizaji waamue. Na wewe kama uko Seme, Vihiga, Alego, popote, na kuna mfinyanzi kwenu, mwulize anapimaje udongo, umrekodi kama amekubali, ututumie hiyo voisi. Tutazicheza wiki ijayo.