Bakuli la Nyama ya Tambiko

NEEMA: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tunawasalimu kutoka Ngamiani, Tanga. Kaka Yona, leo naanza na bakuli la nyama.

YONA: Amina, dada Neema. Bakuli la nani tena?

NEEMA: La shangazi. Jana huko Muheza ukoo umechinja mbuzi wa tambiko. Hukwenda, lakini leo shangazi kakuletea nyama nyumbani. Wewe umeokoka siku nyingi, mizimu huiogopi. Unakula?

YONA: Kwenda kwenye tambiko lenyewe hakuna mjadala, mtume Paulo anasema huwezi kushiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani. Ila bakuli lililoletwa nyumbani, hilo ni swali la waraka wa kwanza kwa Wakorintho hasa. Nyama ya mahekaluni iliuzwa sokoni, na Paulo, katikati ya miaka ya 50 baada ya Kristo, anawaandikia wale bila kuulizauliza. Sanamu si kitu.

NEEMA: Basi tule!

YONA: Ngoja. Umekaa na nani mkekani?

NEEMA: Haya, nimekaa na kijana aliyeokoka mwezi uliopita. Hirizi yake tumeichoma juzi tu. Kakulia kwenye kilinge cha mganga.

YONA: Huyo ndiye wa sura ya 8 ya waraka huo. Kwake ile nyama bado ina mwenyewe. Anautazama mkono wako kabla hajapeleka wake kwenye sinia. Ukila, atakula, lakini kwa hofu, na moyoni atajiona amerudi kwa mizimu ya wazee. Usiku akiumwa tumbo unadhani atamkimbilia nani?

NEEMA: Mganga.

YONA: Ndiyo maana Paulo anaandika, "chakula kikimkwaza ndugu yangu, hata milele sitakula nyama." Na aliyasema hayo akijua haki anayo. Sura ya 9 yote anazitaja haki zake, hata ya kulishwa na kanisa, kisha anasema hakuitumia.

NEEMA: Sasa mimi lazima niseme, maana linaniuma. Makanisani kwetu aya hii imegeuzwa fimbo. Binti akisuka rasta, kamkwaza mama mmoja. Kijana akipiga gitaa la besi, kawakwaza wazee. Yule mama ana miaka 30 kwenye wokovu! Atasuka rasta kwa kumwona binti?

YONA: Hatasuka. Hapendi tu, naye ana haki ya kutopenda. Ila hayumo hatarini. Dada, mwangalie Paulo huyuhuyu: Timotheo alimtahiri kwa ajili ya Wayahudi wa sehemu zile. Tito je? Watu walipotaka kugeuza kutahiriwa kuwa sharti, hakuwapa nafasi hata saa moja. Na Petro alipojitenga na meza ya watu wa Mataifa, wasio Wayahudi, kule Antiokia, Paulo alimpinga mbele ya wote.

NEEMA: Kwa hiyo ninaacha kwa ajili ya anayeweza kunifuata akaanguka.

YONA: Na unaacha mwenyewe, kwa kumpenda. Mchungaji akikulazimisha, hapo ni amri ya mtu.

NEEMA: Hata hivyo yule mama nisimdharau. Warumi 14 inamkataza alaye kumdharau asiyekula.

YONA: Kweli, hapo umenisahihisha.

NEEMA: Na tembo la mnazi? Wapo ndugu wanaosema glasi moja si dhambi.

YONA: Kama kwenye sherehe yenu ya harusi yuko aliyeachishwa ulevi kwa maombi, weka madafu. Hilo halihitaji kikao.

NEEMA: Turudi kwa shangazi. Bakuli liko mezani, kijana anakutazama.

YONA: Nitasema, "Shikamoo shangazi, asante sana, leo mimi na mgeni wangu tunakula mchicha." Kijana nitamweleza nyama ni nyama, taratibu, kwa wiki kadhaa, mpaka hofu imtoke. Simharakishi.

NEEMA: Shangazi akinuna?

YONA: Jumamosi nakwenda kwake Muheza na kilo mbili za sukari, tukae tuzungumze. Asije akadhani nimemkataa yeye.