Zile chenga za TV ya bibi

Assalaamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na nyie wa Wete hasa. Leo nipo Holmdel, huku huku New Jersey, ngojeni nigeuze kamera... mnaliona lile lipembe? Ni antena kubwa ya redio hiyo. Mdomo wake peke yake mita 6.

Sasa mnaikumbuka TV ya bibi, ile ya chogo, antena tumeifunga kwenye boriti ya mkoko, mmoja yuko nje anazungusha mwengine ndani anapiga ukelele "hapo hapo, usiguse!", picha ikikimbia zinabaki chenga tu shshshsh. Basi katika zile chenga, kama 1 kati ya 100 hivi haikuwa ubovu wa TV wala antena, ilikuwa nuru kongwe kuliko zote, imetembea karibu miaka bilioni 13.8 mpaka ikaingia ukumbini kwa bibi. Wallahi siku nilipolijua hili sikulala.

Walioinasa ni wanasayansi wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, kwa pembe hili hili, 1964, mwaka ule ule kilipofungwa kituo cha Wamarekani pale Tunguu kilichokuwa kikifuatilia vyombo vya angani. Wakawa wanapata mvumo usiku na mchana, waelekeze New York, waelekeze juu, ule ule hauzidi haupungui. Wakakuta njiwa wamefanya kiota humo ndani, wakawatoa, wakasugua mavi yote, mvumo upo pale pale! Mie hapa ndo nawapenda, maana wangeweza kusema ah kelele tu hizo, wakaendelea na yao. 1978 wakapewa tuzo ya Nobel.

Mvumo ule ndo ile nuru kongwe, na yenyewe ni hivi: mwanzo ulimwengu ulikuwa moto mno, elektroni zimezagaa, nuru haipenyi, kama ukungu mzito. Ilipofika miaka kama 380,000 ukapoa, elektroni zikashikana na protoni zikawa atomi, nuru ikapata njia. Imevutika tangu hapo mpaka ikawa mawimbi kama ya redio, ndo maana antena inainasa, na leo baridi yake digrii 270 chini ya sifuri. Setilaiti ya Planck iliyorushwa 2009 ikaipima anga nzima, ikakuta vitofauti vya joto kama sehemu 1 kwa 100,000, na penye vitofauti hivyo ndo galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zilikuja kujikusanya, na yetu imo.

Kwa hiyo mama, ile TV iliyo stoo usimpe mtu wa vyuma chakavu. Nakuja Idd inshallah, ntaiwasha chaneli tupu tukae sote tuzitazame.