Maji Chini ya Daraja: Mkojo Unaovuja Baada ya Upasuaji wa Uzazi

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mwenyekiti wenu aliniomba nizungumze wazi, nisione haya. Haya sina. Mimi kazi yangu ni kupasua, na leo nimekuja kuisema kazi yangu inapoharibika.

Tukisikia fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo ukeni, wengi twafikiria binti aliyeshikwa na uchungu siku mbili tatu, mbali na hospitali. Kichwa cha mtoto hubana kibofu kwenye mfupa wa nyonga, nyama zikakosa damu zikafa, pakabaki tundu. Hiyo bado ipo. Ila ipo nyingine, itokayo kwenye kisu chetu sisi madaktari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulitazama karibu wanawake 6,000 waliotibiwa fistula katika nchi 11; zaidi ya 800 waliipata kwa upasuaji, na wengi wao ni upasuaji wa uzazi.

Yatokeaje? Wanafunzi wa upasuaji hufundishwa msemo: maji yapita chini ya daraja. Maji ni mrija mwembamba uletao mkojo kutoka kwenye figo. Daraja ni mshipa wa damu unaolisha kizazi. Nyinyi mwalijua daraja la Nyali, na bahari ipitayo chini yake. Basi mtu anayetolewa kizazi, daraja hilo lazima lifungwe na likatwe, na kilicho chini kisiguswe. Kutoka shingo ya kizazi hadi kwenye mrija ni kama sentimita mbili tu. Damu ikifurika, daktari hashoni anachokiona, ashona anachokidhania, na mrija waweza kuingia ndani ya uzi.

Kibofu nacho kimelala mbele ya kizazi, na ndicho huumia zaidi kuliko mirija. Ndiyo sababu hutiwa mpira wa mkojo kabla ya operesheni, kiwe kitupu, kinywee. Aliyepasuliwa mara mbili tatu, kovu hukigandisha kibofu na kizazi hata huoni mpaka uko wapi. Kwa hiyo ukiulizwa umepasuliwa mara ngapi, usipunguze idadi! Nimewahi kuambiwa moja, nikafungua nikakuta kazi ya watu watatu.

Sisemi kila jeraha ni uzembe. Hata mkono uliozoea huteleza. Linaloniudhi mimi ni jeraha lisiloonekana, au lililoonekana likanyamaziwa. Kibofu kikitoboka na kikashonwa papo hapo, mpira ukaachwa wiki moja au mbili, mara nyingi kinapona. Kisipoonekana, mama arudi nyumbani, na siku ya saba au ya kumi aamka kanga imelowa. Shangazi asema ni maji ya uzazi. Jirani asema kibofu kimelegea, kitakaza. La, mama zangu. Nguo ikilowa bila kukoma, rudi hospitali siku hiyohiyo. Na ukiwa na homa, tumbo limejaa, au kiuno chauma upande mmoja, usingoje nguo ilowe.

Pia tuambie: waenda msalani kama kawaida na bado wavuja? Hapo twashuku mrija, kwa kuwa figo ya pili yajaza kibofu kama desturi. Twatia maji ya buluu kwenye kibofu na pamba ukeni. Pamba ikitoka na buluu, tundu liko kibofuni. Ikilowa bila rangi, ni mrija. Tundu dogo likigunduliwa mapema laweza kujifunga kwa mpira tu, wiki kadhaa. Mengine hushonwa. Mrija hupandikizwa upya kwenye kibofu.

Jambo moja si la udaktari, lakini nalikuta wodini. Wako walioacha kuswali, wakidhani wamekuwa najisi. Waulizeni masheikh wenu: asiyeweza kuuzuia mkojo hujisafisha, hutawadha kila wakati wa swala uingiapo, akaswali, hata ukiendelea kutoka.

Haya, maswali. Naam, bibi kule nyuma. Auliza juu ya mkaza mwanawe, anayevuja tangu ajifungue na amepunguza kunywa maji ili asilowe, kama afanya vyema. Hapana, bibi. Mkojo ukiwa mzito huchoma ngozi na harufu huzidi. Na anywe, anywe sana. Huyo binti yuko wapi sasa hivi? Nyumbani? Kesho asubuhi mje naye kliniki, nami nitakuwapo.