Neno "hoard" si hazina tu

Ndugu zangu watafsiri, tukikutana na neno la Kiingereza "hoard", wengi wetu huandika "hazina" na kuendelea na kazi. Nadhani tunapoteza kitu hapo. Hazina yaweza kuwa wazi kabisa: serikali ina Hazina yake, na jengo lake linajulikana. "Hoard" ni mali iliyokusanywa kisha ikafichwa.

Mfano mzuri ni wa Hoxne, kijiji cha Suffolk, Uingereza. Novemba 1992 mtu mmoja alikuwa akitafuta nyundo ya rafiki yake iliyopotea shambani, kwa kifaa cha kutambua metali, akakuta dhahabu na fedha za Kirumi. Akaacha kuchimba, akatoa taarifa (namheshimu sana kwa hilo), na wanaakiolojia wakafukua sarafu karibu 15,000, vijiko na mapambo, vyote vikiwa vimepangwa vizuri ndani ya sanduku la mbao. Sarafu za mwisho ni za mwaka 407 au 408, utawala wa Roma kisiwani humo ukielekea kuanguka. Aliyezifukia alikusudia kurudi. Hakurudi. Kila ninapolitafsiri neno hili namkumbuka mtu huyo, kwa sababu "hazina" haisemi lolote juu yake. Ningeandika "mali iliyofukiwa", hata kama ni ndefu.

"Hoard" ni kitenzi pia. Kwa mfanyabiashara anayeficha bidhaa ili bei ipande, tunalo "kuhodhi", na linatosha. Kindi anayefukia mbegu huweka akiba. Lakini yupo pia mtu asiyeweza kutupa chochote, nyumba ikajaa hadi pa kupita hapana. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliitambua hali hiyo kuwa ugonjwa unaojitegemea. Kusema mtu huyo "anahodhi" ni kumwonea. Hatafuti faida, anaumwa.

Msilichanganye na "horde", kundi kubwa la watu, lenye asili ya neno la Kituruki la kambi, ambalo pia limeipa lugha ya Kiurdu jina lake.

Na katika Kiingereza cha kale kulikuwa na "wordhord". Utenzi wa Beowulf unasema shujaa, kabla ya kunena, aliifungua hazina yake ya maneno. Hapo naandika "hazina" bila wasiwasi, maana kitenzi "kufungua" kimeshatuambia kwamba ilikuwa imefichwa.